Mstari wa Mkaa

Vumbi la Mungaa halina adabu. Mwezi wa nane huu linaingia bila hodi, kwenye unga, kwenye maji ya kunywa, kwenye mashuka niliyofua jana. Nimeziba madirisha kwa magunia kwa ajili yako. Daktari hakusema vumbi linadhuru, lakini hakusema pia kwamba halidhuru, na mimi sitaki kubahatisha. Kaa, mwanangu. Kaa hapo hapo.

Leo ni siku ya tisa tangu madaktari wakuweke tumboni mwangu. Siku ya kumi na nne nitapimwa damu. Natembea polepole, sikohoi kwa nguvu, kicheko nakimeza. Baba yako Mathayo amenikataza hata kuinua ndoo, na mimi, ninayejulikana kijiji kizima kwa ubishi, nimetii.

Miaka kumi na moja nimetafuta mtoto. Nimekunywa mizizi, nimeombewa, nimefika hospitali hadi Kiomboi, na wote wenye vipimo walisema neno moja: mirija imeziba. Kisha siku moja Mathayo akarudi na sukari iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Watoto wa kupandikizwa wamezaliwa Nairobi, liliandika. Nilisoma nimesimama, sukari ikimwagika miguuni.

Gazeti lilieleza ulikotoka. Walianza na sungura, wataalamu wale. Wakaja kwa wanawake, na kwa miaka mimba zikakataa kukaa. Wanawake wakarudi kwao mikono mitupu, na majina yao gazeti halikuyataja. Halafu mwaka wa sabini na nane, huko Uingereza, akazaliwa msichana mmoja, mzima, analia vizuri tu. Mwaka ule mimi nilikuwa mtoto wa miaka saba, nachunga mbuzi, sijui hata kama nina mirija. Nawawaza sana wale wasiotajwa. Naogopa kuwa mmoja wao.

Ng'ombe wa Mathayo wakaenda mnadani, sisi tukapanda basi la Nairobi.

Huko niliwachekesha. Kwetu huatamishi kuku bila kuchora kila yai mstari wa mkaa, maana kuku wengine huja kutaga kwenye kiota kile kile, na yai lisilo na mstari linakwenda kikaangoni. Basi walipotoa mayai yangu wayakutanishe na mbegu ya Mathayo kwenye kisahani cha kioo, nikamuuliza daktari, "Mmeyawekea alama?" Akacheka hadi akavua miwani. Kisha akaona kwamba sicheki. Akanionyesha kisahani, kimeandikwa kwa kalamu nyeusi Editha na Mathayo. Nilimwomba anisomee mara mbili.

Lakini bibi yako Marietha, mama yake Mathayo, hakuwepo kusomewa. Yeye huwaatamisha kuku wake mayai ya kanga anayookota porini. Vifaranga humfuata kuku kila mahali, kisha mbawa zikikomaa wanaruka kurudi porini, na kuku hubaki anaita uani. Tuliporudi alisikiliza yote, akajifunga khanga upya, akasema, "Kilichotungwa nje kitarudi nje."

Tangu siku hiyo nikimwamkia haitikii. Hana ubaya, mama wa watu. Anamwogopea mwanawe, ananiogopea na mimi, na woga wake umenihamia wote. Kaa, mwanangu. Wewe si kanga.

Siku ya kumi na tatu. Tumbo linakata. Nimekaa jikoni nimebana miguu, nakusihi kwa Kinyaturu na kwa Kiswahili, maana sijui unasikia kipi. Nimekwenda chooni mara saba kutazama kama kuna damu. Hakuna. Nimekwenda tena.

Siku ya kumi na nne. Hospitali ya mjini muuguzi akachukua damu, akapotelea mlangoni, akakawia mpaka nikaanza kumchukia. Aliporudi alisema, "Mama, hongera. Mimba ipo." Mathayo alikaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa kofia.

Tukamkuta mama mkwe uani akipepeta mtama. Nikasema, "Shikamoo, mama," nikamweleza. Aliweka ungo chini, akaingia jikoni, nikamsikia akipekua majivu. Akatoka na kipande cha mkaa. Akapiga magoti mbele yangu, yeye, mama mzima, akaniinulia blauzi na kuchora mstari mmoja mrefu chini ya kitovu.

"Sasa asije mtu akasema huyu si wetu," alisema. "Marahaba, mwanangu."

Upepo umevuma tena leo. Nimeondoa magunia madirishani, vumbi limeingia lilivyotaka, na nimeliacha. Bado naogopa, miezi iliyobaki ni mingi. Lakini vumbi jeusi la ule mkaa limeshika kwenye ngozi yangu, juu yako, na kila nikioga naziba pale kwa kiganja, maji yasilifikie.