Dozi ya Tatu ya Chiriku

Jumatatu asubuhi muuguzi alifungua jokofu la chanjo, akasoma kipimajoto, akafuta benchi la korido kwa dawa, kisha akaita mtoto wa kwanza. Aliingia binti wa fundi cherehani, yule binti aliyezikwa wakati wa mvua. Alikuwa amevaa sare ya shule, na mkono wa shati ameshaukunja mwenyewe, maana sindano za homa ya dengi alikuwa amezizoea. Muuguzi alimpandisha kwenye mizani. Uzito ulikuwa uleule wa dozi ya pili.

Nyuma yake benchi lilikuwa limejaa, wazima kwa wafu, wanasukumana viwiko kugombea upande wa dirishani. Wazima wengi walikuwa wapya, wamekuja kwa dozi ya kwanza. Wafu walikuja kwa ya tatu. Waliambiwa warudi, wakarudi. Watoto wana adabu kuliko tunavyowasingizia.

Daktari mkuu wa utafiti alipita na kikombe chake cha kahawa, akahesabu vichwa kwa macho, akaridhika.

"Hakuna hata mmoja aliyetukimbia," alisema.

"Daktari, baadhi yao wamekufa."

"Wamekufa vipi, na wamehudhuria? Aliyekufa haji kliniki, sista. Mchome, mpe juisi, akae nusu saa aangaliwe. Kisha andika mzima."

Alisema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. Alikunywa kahawa yake akaenda zake.

Wote wawili walijua kilichotokea. Chanjo ile ilimfaa mtoto aliyekwisha kuugua dengi. Kwa mtoto ambaye hajawahi, ilikaa mwilini kama ugonjwa wa kwanza uliopita kimyakimya. Siku mbu akimuuma, homa ilimjia kwa ukali wa mara ya pili, na dengi ya mara ya pili haina mzaha. Ilitakiwa damu ya kila mtoto ipimwe kwanza. Kupima kukaonekana kunachelewesha kazi, ikaamuliwa wachomwe wote tu. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na mfadhili anayewapigia simu kila Ijumaa.

Chiriku alikuwa mwisho wa benchi. Alikuwa mtoto wa dada yake muuguzi, na jina hilo alilipata kwa mdomo wake usiojua kuchoka. Muuguzi mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwombea ruhusa kwa mama yake, akaapa kwamba hawezi kumletea dada yake kitu kibaya. Chiriku hakuwahi kuugua dengi hata siku moja. Aliugua baada ya dozi ya pili, akafa. Tangu msiba ule, dada mtu hakumsemesha mdogo wake, wala salamu.

Sasa Chiriku alikuwa anamsimulia mtoto mzima aliyekaa naye jinsi sindano inavyouma, na anatia chumvi. Damu ilikuwa imemkaukia chini ya pua.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo ndiyo ya mwisho, eti?"

"Ndiyo ya mwisho."

"Basi sitakuja tena," alisema Chiriku, akarudi kwenye simulizi yake.

Hapo roho ikamuuma muuguzi, ikamuuma kweli. Alivua glavu akampigia simu dada yake. Mara ya kwanza ilikatwa. Mara ya pili ilipokelewa.

"Mwanao yuko hapa kliniki," alisema. "Njoo."

Dada alifika na kitana na kopo la mafuta ya nywele. Alimfuta mwanawe pua kwa kona ya mtandio, akamkalisha katikati ya magoti, akaanza kumsuka, na Chiriku akaanza kulalamika kwamba anavutwa. Watu walisogea kuwapa nafasi. Alipomaliza msuko mmoja, alimwinulia macho mdogo wake.

"Ukishamchoma?"

"Anakaa nusu saa, basi. Hatakuwa na cha kumrudisha."

"Na usipomchoma?"

"Ataambiwa aje Jumatatu nyingine."

"Mwambie dawa imekwisha."

Muuguzi alichuchumaa karibu yake, akashusha sauti. "Dada, kila wakija wanaandikwa wazima. Nilikuwa nimepanga leo niseme. Niwaambie hawa wazazi wakatae mpaka watoto wapimwe damu."

"Ukisema itakuwaje?"

"Watafunga kliniki."

"Na kliniki ikifungwa, wangu atarudi wapi?"

Dada aligawa nywele kwa ncha ya kitana, taratibu, mstari ukanyooka.

"Ulinijia nyumbani ukanidanganya bila kujua," alisema. "Sijakulaumu mbele ya mtu. Leo danganya ukijua, mdogo wangu. Nifanyie hilo tu."

Chiriku aliuliza kama juisi ni ya embe au ya chungwa. Kisha akaendelea kuongea.

Muuguzi alisimama.

"Chiriku, dawa imekwisha. Uje Jumatatu ijayo."

"Mnanisumbua tu," alisema Chiriku, lakini alionekana kufurahi. Dada aliushika mkono wa mdogo wake, akaubana kidogo, akauachia, akarudi kwenye nywele. Muuguzi alikuwa ameungoja mkono ule tangu siku ya mazishi, na sasa alipoupata alitamani asingeupata.

Aliingia chumbani akavaa glavu mpya, akaita anayefuata. Aliingia yule mtoto mzima aliyekaa na Chiriku, ameshikwa mkono na mama yake. Mama alikuwa kijana, na macho yake yalikuwa yanarudi koridoni kila mara.

"Sista, wale watoto wamefanya nini mbona wa baridi vile?"

"Ndivyo walivyo."

"Huyu wangu hajawahi kuugua kitu. Hata mafua ni kwa nadra." Alimvuta mtoto karibu yake. "Niambie ukweli kama mwenzangu. Haina madhara?"

Muuguzi alitazama kupitia mlango uliokuwa wazi. Msuko wa tatu ulikuwa nusu, na Chiriku alikuwa amelaza kichwa kwenye paja la mama yake.

"Haina, mama," alisema, akalowesha pamba kwa spiriti. "Mkunjie mkono wa shati."