Kitukuu wa Askari Farjala

"Hebu litaje tena hilo jina," alisema Bibi Raheli.

"Farjala," Idrissa alirudia kwa sauti ya chini. "Alikuwa askari wa Mjerumani. Ni babu wa baba yangu."

Mikono ya kikongwe, iliyokuwa ikipeta mtama, ilisimama juu ya ungo. Idrissa akajua amefika.

Alikuwa mchinjaji wa ng'ombe, mkazi wa Mandewa, na kwa miaka miwili kila siku yake ya mapumziko aliitumia kuulizia habari za askari huyo na mkewe. Mke aliitwa Zafarani, lakini hilo ni jina alilopewa na mumewe. La kwao halikujulikana. Baba yake Idrissa alipofariki, watu waliuliza ukoo uko wapi, wajomba wako wapi, naye hakumjua hata mmoja. Hatimaye mzee mmoja wa msikitini akamwambia kwamba Zafarani, hadi anakufa, alikuwa akikililia kijiji cha Ulemo. Ndiyo maana asubuhi hiyo alipanda basi la Kiomboi, akateremka Ulemo na kipande cha paja la ng'ombe ndani ya kiroba.

"Walikuja asubuhi, watu wanakamua," alisema Raheli. "Walitaka ng'ombe na wapagazi. Babu yangu akasimama langoni mwa zizi na mkuki wake. Huyo Farjala wako hakupoteza risasi. Alimpiga kwa kitako cha bunduki, hapa." Aligusa mdomo wake. "Akaanguka. Akampiga tena, na tena, mpaka bibi yangu hakuujua ule uso. Kisha wakachoma nyumba. Baba yangu alikuwa mchanga. Mama yake alimtoa nyuma ya nyumba ndani ya kilindo cha kuwekea nafaka, chini ya mtama. Dada yake alikimbia. Farjala alimkamata kwa nywele."

"Huyo dada..."

"Ndiye Zafarani wako. Huo mdomo ulio nao ni wa baba yangu. Nimeuona tangu unapiga hodi."

Muuaji na aliyeuawa, wote walikuwa wazee wa Idrissa.

"Kwa hiyo umekuja kuchukua mwingine?"

Aliyesema alikuwa Nathan, mjukuu wa Raheli, mwanamume wa miaka arobaini na ushei. Alikuwa ametoka shambani, na alikuwa amesikia yote akiwa kwenye pembe ya nyumba. Alikipiga teke kile kiroba, nyama ikabiringika vumbini.

"Ndugu yangu, nisikilize..."

"Mimi si ndugu yako!"

Mpini wa jembe lake ulimpata Idrissa begani, kisha sikioni. Masikio yalivuma, damu ikashuka shingoni. Mara ya tatu aliudaka. Miaka thelathini ya kulaza madume ya ng'ombe machinjioni ilikuwa mikononi mwake; alimpindua Nathan, akamkata ngwala, akamgonga chini kifudifudi, goti likatua mgongoni. Mkono wa kushoto ukashika taya, ukaivuta juu. Shingo ikakaa wazi. Mshipa ulidunda chini ya kidole chake, na mkono wa kulia ulikuwa umeshashuka kiunoni kutafuta kisu.

Kisu alikuwa amekiacha nyumbani. Mkono haukujua. Ulipapasa, ukapapasa tena.

"Idrissa!" Raheli alikuwa amesimama, mtama wote umemwagika. "Unamchinja mtoto wetu!"

Aliachia kama aliyeshika kaa la moto. Alirudi nyuma akaketi ardhini, akaukalia ule mkono wa kulia. Nathan alikohoa, akatema udongo, kisha jino.

"Nisamehe," alisema Idrissa. "Wallahi, sikukusudia."

Nathan alifuta mdomo. "Sasa nimeamini. Wewe ni wa Farjala kweli."

"Na ni wetu," alisema Raheli. Alikiokota kile kipande cha nyama, akakipangusa vumbi kwa khanga yake, akakiweka juu ya ungo mtupu. Hakumtazama yeyote kati yao. "Simama. Nikuonyeshe babu yangu alipozikwa."

Alimwongoza hadi zizini. Ng'ombe walikuwa wamerudi kutoka kunywa maji, wamejaa tele. Idrissa alipoingia, wakainua pua zao. Harufu ya machinjio haitoki mwilini kwa sabuni. Wakaanza kukoroma na kurudi nyuma, wakisukumana, mpaka wote wakabanana kwenye miiba ya ua na katikati pakabaki patupu.

Raheli aliingia pale peku, akapapasa samadi kwa wayo.

"Kichwa hapa," alisema. "Miguu kule."

Idrissa alivua viatu. Nyuma yake Nathan alikuwa amefika langoni, damu ikimchuruzika kidevuni, ameshika gogo la kufungia zizi kwa mikono miwili, macho kwenye kisogo cha Idrissa, halirudishi mahali pake wala haliweki chini.