Barua Iliyomvua Mama Mkwe Kitambaa

Mwaka umetimia tangu nianze kuandika barua ya kila Ijumaa kwenye mtandao, na watu wanataka niseme nilichojifunza. Hamisi, muuza vitambaa wa Mwingi niliyesoma naye sekondari, ananiambia waandishi wote wa barua hizi hufanya hivyo: wanataja idadi ya wasomaji, wanashukuru, wanajipiga picha na kikombe cha chai. Wasomaji ninao elfu moja na mia mbili, na chai ninakunywa. Lakini barua iliyonifunza kitu ni moja tu, ya arobaini na tisa, na nusura imnyime mama mkwe wangu macho.

Kwa miaka kumi na minane nilikuwa mkuu wa mawasiliano katika kampuni ya bima Nairobi. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika maneno ya kutiwa sahihi na mtu mwingine. Watu wakipunguzwa kazi, mimi ndiye niliyeandika kwamba kampuni "inajipanga upya". Nilikuwa hodari wa hayo, na sioni aibu kusema. Basi tulipohamia Kitui mjini, mimi na mke wangu Kaveke, nikaonja raha ya kuandika jambo kwa jina langu mwenyewe. Niliandika juu ya jirani na mbuzi wake, juu ya fundi baiskeli wa Nuu anayegombana na jogoo kila asubuhi. Watu wakacheka, wakawatumia wenzao, nami nikakosa breki.

Mama mkwe anakaa Nunguni. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, na upasuaji ulipangwa ufanyike hapa Kitui. Kwa wiki mbili za kwenda kliniki ilibidi alale kwetu, na mama wa Kikamba wa rika lake halali kwa mkwe. Tuna kitu tunakiita nthoni. Ni heshima iliyochanganyika na haya: mkwe na mama mkwe hawali pamoja, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja anapisha. Vijana wanasema hayo yamepitwa na wakati. Hata hivyo nilijenga chumba chenye mlango wake wa nje na choo chake, na Kaveke akambembeleza miezi saba ndipo akakubali. Mwezi wa tano akaja siku tatu kupimwa.

Asubuhi ya pili nilitoka kufungulia kuku, nikamkuta kibarazani bila kitambaa kichwani. Alikuwa na redio, anamjibu mtangazaji salamu zake moja baada ya nyingine, na meno yake ya bandia yamo kwenye kikombe kando yake. Hakuniona. Marehemu baba yangu angerudi ndani kimya na asiseme neno mpaka kaburini. Mimi nilirudi ndani kimya, nikafungua kompyuta.

Barua hiyo ndiyo iliyosomwa kuliko zote. Nilimwandika kwa upendo, lakini niliandika nywele zake, meno yake na jina lake kamili, jina ambalo mdomo wangu haujawahi kulitamka. Mkamba mmoja aliye Boston alisema amecheka mpaka akatokwa na machozi. Nikavimba kichwa.

Nilichosahau ni kwamba huko Nunguni barua zangu zilikuwa zinasikilizwa. Mwongeli, mwalimu mstaafu na jirani wa mama mkwe, humsomea kila Jumamosi, mbele ya akina mama wa kanisa wanaokuja kumjulia hali. Siku hiyo alianza kusoma bila kuipitia kwanza, na alipofika kwenye kikombe cha meno, maji yalikuwa yameshamwagika. Mama mkwe alimwacha amalize, akashukuru, akawaaga wageni. Kisha akampigia simu binti yake kwamba hatakuja kupasuliwa.

"Nani alikupea ruhusa ya kuweka mwaitu kwa internet?" Kaveke aliniuliza. Mwaitu ni mama. "Amesema heri abaki kipofu kwake kuliko aone akiwa kwako."

"Nitaifuta."

"Imeshafika group ya kanisa, Nzau. Utafuta simu za watu?"

Daktari alikuwa ametupa Jumatano ya mwisho ya mwezi wa sita, na alituonya kwamba tukichelewa, jicho la kushoto halitaokoka. Niliogopa. Nikafanya yanayofanywa: mbuzi dume, blanketi, na kaka yangu mkubwa, Muthama, wa kunisemea. Tulipofika Nunguni, Muthama alisimama uani. Mimi nilibaki nje ya ua nikitazama viatu vyangu. Mama mkwe alikuwa ndani, mlango umeegeshwa, na Kaveke akawa mpeleka maneno. Nilimsikia mama mkwe vizuri tu, lakini nilisubiri Kaveke aje aniambie, maana ndivyo inavyotakiwa.

"Amesema mbuzi ni sawa, lakini si mbuzi ilivuliwa kitambaa," Kaveke alisema. "Amesema barua zako zote amesomewa. Umeandika jirani, umeandika fundi wa Nuu, umeandika yeye. Anauliza, Nzau mwenyewe ako wapi?"

"Mwambie niko kwa kila barua."

Aliingia, akatoka. Safari hii hakunitazama. "Amesema ile barua ya kwanza ni uongo. Vile ulimvua mbele ya watu, na wewe jivue. Uandike venye kazi iliisha. Mwongeli aisome mbele ya wamama wale wale, halafu atakuja."

Barua ya kwanza ilisema nilijiuzulu ili nifuate moyo wangu. Ukweli ni kwamba nilifukuzwa. Niliandika tangazo la kupunguza watu arobaini na wawili, nikalikagua koma kwa koma, na nilipolikabidhi wakaongeza jina la arobaini na tatu, langu. Miezi minne nilivaa tai kila asubuhi nikaenda kukaa maktaba ya umma mpaka saa kumi na moja, watoto wasijue. Kaveke aligundua katika mwezi wa pili wa hiyo minne, na yeye alihitaji mtu wa kumwambia; akamwambia mama yake. Kibaya zaidi, baadhi ya wale arobaini na wawili ni wasomaji wangu. Wamekuwa wakinipongeza kwa ujasiri wa kuacha kazi.

Nilirudi Kitui nimemkasirikia yule mama, nikamwona katili. Siku nne niliandika barua za kuzunguka mbuyu, kwamba nilipitia "kipindi cha mabadiliko". Alhamisi nikaandika: "Sikuacha kazi. Nilifukuzwa kwa tangazo nililoliandika mwenyewe." Nikaweka yote, tai, maktaba, hata mkate niliokuwa nikila chooni kwa sababu maktaba hairuhusu chakula. Ijumaa asubuhi nikaituma, nikazima simu, nikaenda kurekebisha banda la kuku.

Watu themanini walijiondoa. Mmoja wa wale arobaini na wawili aliniandikia maneno matatu tu: "Kumbe na wewe."

Jumamosi jioni Kaveke, aliyekuwa kwa mama yake, alinipigia. Nilimuuliza kama wale wamama walicheka.

"Kidogo, hapo kwa mkate. Mwaitu akawanyamazisha."

"Na yeye amesemaje?"

"Amesema sasa kila mtu ajifunike. Anauliza abebe nguo za siku ngapi."