Geti la Bwana Prothero

Katika kijiji chetu cha Skelby kuna uchochoro unaoanzia kwenye soko la zamani, unapita katikati ya kuta mbili za mawe na kutokea kanisani. Tunauita Njia ya Maiti, kwa kuwa wafu wetu wote hupitishwa hapo. Mawe ya chini yamelika katikati kwa nyayo. Mimi ni mwashi, na kuta zile nimezikarabati mara nne kwa chokaa. Saruji sijawahi kuiacha iziguse, maana huyaharibu mawe ya zamani.

Bwana Prothero alipohamia kutoka London na kununua nyumba ya zamani ya mwoka mikate, inayopakana na uchochoro huo, hatukusema neno. Aling'oa madirisha ya mbao yenye umri wa miaka mia mbili, akayatupa. Tulinung'unika baani, kisha tukanyamaza. Hapo kosa ni letu. Mtu akishakuona unameza kila kitu, atakulisha na mawe.

Mwezi wa tatu Cuthbert Raine akafariki. Alikuwa fundi wa mapaa, na hakuna paa hapa kijijini ambalo hakulipanda. Mjane wake, Hilda, alichagua watu sita wa kulibeba jeneza, nami nikiwa mmojawapo.

"Gari sitaki," alisema. "Atapita alikopita mama yake."

Siku ya mazishi kulikuwa na manyunyu. Mchungaji Philippa alitangulia, sisi tukafuata na jeneza begani, Hilda nyuma yetu na bakora yake, na nusu ya kijiji nyuma ya Hilda. Tulipoingia uchochoroni hatua kama ishirini tukakuta geti jeusi la chuma, limefungwa kwa kufuli. Jumapili iliyopita halikuwapo. Bawaba zake zilikuwa zimechimbiwa ndani ya ukuta wangu na kuzibwa kwa saruji.

Prothero akatoka mlangoni kwake na kikombe cha kahawa.

"Samahani jamani, hapa sasa ni kwangu. Watu wanapita wakichungulia jikoni. Zungukeni barabarani, ni dakika kumi tu."

"Bwana, tumebeba maiti," alisema Mchungaji.

"Naona, na poleni sana. Ila mngenipa taarifa mapema."

"Taarifa?" alidakia Wilf, seremala, aliyekuwa amebeba mbele yangu. "Ulitaka marehemu akuandikie barua?"

Hilda akajipenyeza ubavuni mwa jeneza mpaka akalifikia geti.

"Kijana, paa la nyumba yako aliliezeka nani?"

"Sijui, mama."

"Huyu hapa. Alipanda na homa yake, kwa sababu watoto wa mwoka mikate walikuwa wanalowa vitandani. Haya, fungua."

"Wakili wangu amesema nina haki ya..."

"Sijakuuliza habari za wakili. Nimesema fungua."

Prothero akamtazama mjane yule, akaingia ndani na kufunga mlango. Nasikia hasira mpaka leo nikisimulia. Angetukana, ingekuwa nafuu.

Tulilishusha jeneza kwenye kibaraza cha mawe kilicho kando ya ukuta. Wilf alikwenda karakana kuleta spana, mimi nikaleta nyundo na tindo. Watu waliimba pale pale, wakilowa. Saruji ilikuwa bado changa, lakini ilikuwa imeshikamana na mawe, na ili kuzitoa bawaba ilinibidi nivunje mawe mawili niliyoyapanga kwa mikono yangu. Niliyavunja. Tukaliegemeza geti mlangoni kwake, tukamchukua Cuthbert, tukapita.

Prothero alikuwa amewaita polisi. Alikuja askari mmoja, akavua kofia, akasubiri nje ya makaburi hadi udongo wa mwisho ulipotupwa. Kisha akaandika majina yetu, kwa aibu, akaondoka.

Kesi ya ile njia ikaenda kwa wakubwa wa wilaya, nao walichukua miezi minane kuchunguza jambo ambalo kila mtoto wa Skelby analijua. Walimletea Hilda fomu ya kurasa sita athibitishe kuwa aliwahi kupita pale. Mwanamke wa miaka sabini na nane, aliyepita njia hiyo hiyo kwenda kubatizwa, kuolewa na kumzika mumewe. Penye swali la lini alianza kuitumia, aliandika: "Sikumbuki. Nilikuwa mikononi mwa mama."

Mwishowe barua ikaja: njia ni ya wote, geti lisirudi. Watu walishangilia baani. Mimi nilikunywa moja nikaenda nyumbani, maana sikuona tulichopewa. Tulirudishiwa tu kilichokuwa chetu, tena baada ya kuombwa ushahidi.

Mawe yale mawili nimeyabadilisha. Prothero bado yupo, na kila tukikutana hunisalimu vizuri. Kwa Hilda hajawahi kubisha hodi hata siku moja kuomba radhi, na mpaka atakapobisha, salamu yake siitikii.