Mtama Usiosagwa

Maisha yake yote msagaji alikuwa mweupe wa unga hadi kope, na watoto wa mtaani wakamwita Babu Vumbi. Kiharusi kilimwangusha palepale kwenye mashine, kikamwachia upande mmoja wa mwili na nusu ya mdomo. Muuguzi alimpa mkewe masharti: uji mzito uliochujwa, mgonjwa aketi wima, kijiko kidogo kidogo. Chembe ikipotea njia ikaingia mapafuni, itakuwa habari nyingine.

Mke akayashika masharti kama sala. Alipika uji wa mtama, akauchuja kwa kitambaa, akautia maziwa. Mwanzoni mzee aliumeza. Baadaye akawa anautema, na mwisho akafumba mdomo na kugeukia ukutani. Mashavu yakabonyea, mifupa ya mabega ikatokeza chini ya shuka.

"Kunywa, baba watoto," mke alimsihi. "Utakufa njaa na chakula kinakutazama."

"Vumbi hilo," mzee alisema, ulimi mzito. "Nimelimeza tangu ujana. Nipe mtama mzima. Nitafune."

"Utatafunia nini, na meno yenyewe manne?"

"Manne... wengine hawana hata hayo."

Akacheka kwa upande mmoja. Mke naye akacheka, kisha akatoka uani akainamia beseni la vyombo, machozi yakidondokea kwenye povu.

Jioni alikuja binti yao, fundi cherehani, nyuzi bado zimemganda kwenye gauni. Mama akamweleza ombi la mtama mzima.

"Mama, usithubutu. Muuguzi alisema nini?"

"Alisema ale. Sasa hali."

"Basi tumrudishe hospitali, wampitishie mpira wa chakula puani."

Mzee aliposikia neno mpira alitikisa kichwa, akatikisa tena, mpaka mto ukaanguka. Walishamwekea mara moja, akaung'oa kwa ule mkono wake mmoja.

Binti alipoondoka, mke alichukua ungo. Akapepeta mtama, akaondoa vijiwe, akaulowesha. Kesho yake alimwaga maji yale, akaubandika jikoni katika maji mapya na kuuchemsha asubuhi nzima, akiongeza maji kila yalipokauka, mpaka punje zikapasuka na kuonyesha weupe wa ndani. Mwishoni akatia kitunguu, chumvi na mchicha uliokatwakatwa. Chakula cha mtu asiye na makuu. Kila mara alichungulia mlangoni, kana kwamba anapika sumu.

Alimketisha mzee, akampa kijiko. Mzee alitafuna muda mrefu, macho kayafumba, na mke hakubandua macho kwenye koo lake. Likapanda, likashuka.

"Eeh," mzee akasema. "Hiki sasa chakula."

Alikula nusu bakuli. Kikohozi kilimjia kwenye kijiko cha mwisho, kikamkaba hadi midomo ikawa rangi ya majivu. Kilipomwachia, alilala usingizi kama mtu aliyeshiba.

Siku iliyofuata aliamka na homa, kifua kikikoroma. Muuguzi alikuja, akasikiliza mgongoni, akamwachia dawa. Mlangoni alimwambia mke bila kuzungushazungusha, "Jiandaeni." Binti aliyakuta maneno hayo hayajapoa.

"Ulimpa nini, mama?"

"Mtama."

"Umemuua baba! Kwa mkono wako!"

Kati ya njaa na mapafu mke alichagua mwenyewe, na hakukuwa na mwingine wa kusukumiwa mzigo huo. Aliendelea kumkanda mzee kwa kitambaa cha maji.

Binti alikoroga uji, akauchuja, akapeleka kijiko mdomoni kwa baba yake. Mzee akafumba mdomo.

"Baba, tafadhali. Kwa ajili yangu."

Mzee alimtazama mwanawe kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni yeye. "Ule mtama," akanong'ona. "Umebaki?"

Binti alimgeukia mama yake, akitaka aambiwe la kufanya. Mama alitikisa kichwa, akamwachia achague mwenyewe.

Basi binti akaweka uji chini, akaenda jikoni, akanawa mikono. Alirudi na bakuli la mtama uliobaki, akaketi ukingoni mwa kitanda. Akachukua punje moja, akaiminya kwa vidole vyake vilivyojaa alama za sindano mpaka ganda likabanduka, akaiweka kwenye ulimi wa baba yake.

"Tafuna taratibu, baba," alisema huku akilia. "Sina haraka."