Dume Aliyemlalia Sigvat

...sasa amejiinua, sili-tembo mzima, mnyama wa baharini tunayemwinda kwa mafuta yake, ananipita kimo, pua inaning'inia kama mkonga uliokatwa, damu ya dume mwenzake inamchuruzika kifuani, kinywa kimeachama, na hapo ndipo penyewe, risasi hupita kinywani mpaka ubongoni, lakini mtutu wangu unataka kwenda kushoto, kwa Rolv, msimamizi wetu, anayemchokoa dume kwa bomba refu la chuma arudi nyuma, ukingoni mwa maji, maana mzoga wa tani tatu haukokotwi nchi kavu... "Eilif! Unamuua au unamchumbia?" anacheka, anathubutu kucheka, siku tisa tu tangu tumfukie mdogo wangu chini ya mawe, Sigvat, miaka ishirini na miwili, huyu Rolv ndiye aliyemwambia "pita katikati yao, wamelala hao," akapita, hawakuwa wamelala, madume wawili wakavaana kifua kwa kifua, changarawe ikatetemeka, wakararuana shingo, majike wakatawanyika, vitoto vyao vyeusi vikabondwa kama maboga, naye Sigvat akaangukia chini ya dume huyu huyu, nikasikia mbavu... kushoto kidogo tu, nani atajua, risasi imekwenda kombo, basi, mpaka meli ya kurudi Norwe ije theluji itakuwa imefunika kila kitu... "Piga, mwanaharamu we, mkono wangu!" mkono, ndiyo, wa kulia umefungwa vitambaa, bomba kalishika kwa mmoja, kwa nini mmoja, kwa sababu siku ile alimrukia dume akamtwanga ngumi za macho, akang'atwa mpaka mfupa, huku akiita jina, na jina lenyewe halikuwa la Sigvat... "Eilif, piga! Eilif!" ...bunduki siku ile ilikuwa kwangu. Mungu wangu, ilikuwa kwangu, ina risasi, hatua kumi, na Sigvat bado hai, alinitazama, akasema "Kaka," kidole changu kikawa jiwe, nikamwacha apondwe, kisha nikamwandikia mama kwamba aliyemuua ni Rolv, na Rolv hajamwambia mtu, siku tisa ananitania, ananimiminia kahawa, leo kanipa bunduki hii hii mbele ya wote, "Eilif ndiye mpigaji wetu"... dume anamshukia, bomba linapinda, anateleza kwenye mafuta na damu, "Eilif, ndugu yangu," hapigi kelele tena, mtutu umeshatoka kwake, umeelekea kinywani mwa dume, sitaki damu yake, sitaki ya mtu yeyote, nataka kidole hiki, hiki kimoja tu, kikunjike, kunja, kunja...