Rimu za Marehemu Antoni

Watu wanasema niliharibu harusi. Wanasema sokoni, wanasema kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na juzi mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu tukitoka Misa alisema kwa sauti ya kunitosha nisikie: "Ndiye huyo aliyefungua gurudumu la gari la bibi harusi." Sikugeuka. Ni kweli nililifungua. Lakini aliyeharibu si mimi, na nitaeleza jambo lilivyokuwa, Mungu akiwa shahidi wangu.

Gari lenyewe ni la Kimarekani, la mwaka sitini na tisa. Lina milango miwili, pua ndefu, usukani kushoto na injini ya silinda nane inayounguruma hadi madirisha ya duka la jirani yanatikisika. Mzee Antoni, Mnyasa wa Mbamba Bay, alilinunua kwa mhandisi mmoja wa migodi kule Zambia, akaja nalo nyumbani kupitia Tunduma. Wazee bado wanaikumbuka siku aliyoingia nalo Mbinga. Alipofariki alizikwa kwao ziwani, na gari likabaki kwa mwanawe Sebastian, mnunuzi wa kahawa hapa mjini, chini ya turubai.

Mwaka huu Thadei, mtoto wa Sebastian, alipata mchumba. Mchumba huyo ni Careen, na mimi ndimi baba yake wa ubatizo. Nilimshika kwenye kisima cha ubatizo akiwa na wiki tatu, nikaahidi kwa niaba yake kumkataa shetani na mambo yake yote. Kwa hiyo Sebastian aliponiletea gari gerejini, nililipokea kwa furaha.

"Fundi Augustino," alisema, "nataka liwe jipya ndani, na breki za kisasa. Wakitoka kanisani, maharusi washuke nalo hadi Mbamba Bay, wapite kaburini kwa baba, halafu waende kwenye sherehe."

"Litashuka," nikamwambia. "Kwa breki hizi za sasa halishuki, lakini nikimaliza litashuka."

Kazi ya ndani aliifanya Walburga, fundi wa viti tunayeshirikiana naye gereji moja. Viti vya mbele tulivitoa kwenye gari la Kijapani lililopinduka, yeye akavishonea ngozi ya kahawia. Akatandika kapeti mpya, akafunga mikanda ya kupita begani badala ya ile ya zamani ya kiunoni. Sebastian akaleta skrini ya muziki, kiyoyozi, na taa ndogo za bluu za kuweka chini ya dashibodi.

"Hizi taa za nini, Bosi?" Walburga alimuuliza. "Bibi harusi anatafuta senene?"

Sebastian alicheka sana siku ile. Tulikuwa bado tunacheka pamoja.

Breki nilizifanya mimi. Gari lile lilikuwa na breki za ngoma magurudumu yote manne. Katika breki ya ngoma, viatu viwili vya breki hutanuka kwa ndani na kusugua ukuta wa ngoma. Kwenye barabara tambarare hazina neno. Kwenye mteremko mrefu zinapata moto, moto hauna pa kutokea, na pedali inalegea mguuni. Anayeijua barabara ya kutoka kwetu kwenda ziwani anajua ninachosema. Unaacha baridi ya mashamba ya kahawa, unashuka kona baada ya kona, na tangu iwekwe lami watu wanashuka kwa kasi ambayo zamani mashimo yaliwazuia.

Nikatafuta breki za diski za pikapu ya Kijapani. Nikampelekea mchonga vyuma wa Songea bamba la chuma, akanitobolea kwa vipimo vyangu ili diski na kalipa, yaani vibanio vyake, zikae pale zilipokuwa ngoma za mbele. Nikafunga masta silinda mpya na busta ya kuongezea mguu nguvu, nikabadilisha mabomba yote ya mafuta ya breki. Nililijaribu siku tatu, nikiwa nimepakia magunia ya mahindi kwenye viti vya nyuma juu ya turubai, Walburga akinilaani kwa ajili ya ngozi yake. Gari likasimama kila nilipolitaka lisimame. Nilishukuru Mungu kwa kazi ile, kwa kweli nilishukuru.

Tatizo likawa rimu. Rimu za mzee Antoni ni ndogo, za inchi kumi na nne, zimepakwa kromu, na yeye alizing'arisha kila Jumamosi hadi uzee wake. Diski na kalipa hazienei ndani yake. Mimi niliazima rimu kubwa kwa ajili ya majaribio, nikamwambia Sebastian atafute zake.

Akaziangalia zile rimu nyeusi nilizoazima, uso ukabadilika. "Hizi siyo."

"Zipo nzuri zaidi, Bosi. Utachagua."

"Fundi, hunielewi. Baba zangu wadogo watakuwepo pale kaburini. Wanalijua gari hili kwa rimu zake. Watasema nimeuza mali ya marehemu."

"Waambie ziko nyumbani, umezitunza."

"Nimwambie na baba vilevile? Kwamba gari lako limekuja, lakini miguu yake nimeiacha Mbinga?"

Nilimwonea huruma. Mtu akimkumbuka baba yake hivyo, unamheshimu. Nikamwambia taratibu kwamba rimu zile na breki zile havikai pamoja, achague kimoja. Akageuka akaondoka. Siku ya Alhamisi akaja kulichukua gari, akasema anakwenda kuliosha, na kwamba rimu nyingine ameshapata. Nikamwamini.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Misa ilikwenda vizuri, kwaya ikaimba hadi watoto wakalala. Tulipotoka nje, gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya kanisa, limefungwa riboni nyeupe, linang'aa jua la mchana likilipiga. Walburga, aliyekuwa ameombwa kupanga maua ndani, akanifuata haraka haraka, amekunja gauni mkononi.

"Kaka Augustino, nenda kaangalie magurudumu. Nenda sasa hivi."

Nikaenda. Rimu za mzee Antoni zilikuwa pale, zote nne. Nikainama nikachungulia kati ya nafasi zake, na mahali pa diski zangu nikaona ngoma ya zamani, imepakwa rangi ya fedha ili ionekane mpya.

Nilisikia damu ikipanda hadi masikioni. Sebastian alitafuta mtu, sijui nani, na sitaki kumjua, akamwambia atoe breki nzima arudishe mbovu, ili chuma cha kromu kionekane. Na ndani mle mlikuwa na skrini, na kiyoyozi, na taa za bluu! Nikamkuta Sebastian anapokea pongezi za wageni, nikamvuta pembeni.

"Diski ziko wapi?"

"Ziko stoo, hazijapotea. Ni kwa leo tu, Fundi. Watashuka polepole."

"Polepole ndiko kunakozipa moto hizo ngoma. Dereva ataikanyaga pedali tangu juu hadi chini."

"Baba alishuka nazo miaka ishirini."

"Baba yako alishuka kwenye vumbi, kwa mwendo wa baiskeli, na alisimama njiani kuzipooza. Leo nyuma ya maharusi kuna msafara wa magari kumi yanapiga honi."

"Augustino," akasema kwa sauti ya chini, "usiniaibishe mbele ya wakwe zangu. Tafadhali. Padre anakuja kulibariki. Mungu atalinda."

Hapo ndipo hasira ilipovuka mpaka. Mimi ni mtu wa sala. Rozari yangu inakaa kwenye mfuko wa ovaroli hadi msalaba wake umeingia grisi. Lakini kumfanya Mungu awe kiraka cha kazi uliyoing'oa kwa makusudi, hiyo kwangu ni kumtukana. Diski ziko stoo, halafu unamwomba malaika asimame badala yake!

Padre Xaveri akatokea na ndoo ya maji ya baraka. Yeye aliwahi kufanya utume ziwani, na huko aliona mafundi wa mitumbwi wanavyoweka mkono juu ya chombo kipya na kutaja kazi waliyoifanya kabla ya kubarikiwa. Amelileta jambo hilo parokiani kwetu. Ukileta pikipiki, lori, hata cherehani, aliyeitengeneza huja mbele kwanza.

"Fundi wa gari hili ni nani?" akauliza.

"Fundi Augustino, Padre!" Sebastian akajibu upesi, mbele ya watu wote. "Breki za kisasa, ndani kila kitu kipya. Kazi yake hiyo."

Watu wakapiga vigelegele. Wakanisukuma mbele. Mkono wangu ulikuwa karibu kugusa boneti, nikaurudisha.

"Padre, usilibariki," nikasema. "Breki nilizofunga zimetolewa. Hizi ni mbovu."

Vigelegele vikakatika. Sebastian akacheka kicheko cha kulazimisha. "Jamani, fundi ana wivu. Hakupewa kiti cha mbele."

"Nipe jeki," nikamwambia dereva wa Kosta ya kwaya. "Na spana ya magurudumu."

"Na hiyo suti?" dereva akauliza.

"Leta jeki!"

Najua nilipaza sauti. Nilivua koti nikampa Walburga, nikapiga magoti kwenye changarawe, nikafungua gurudumu la mbele kushoto. Nati tano nikazitia mfukoni. Nikaigonga ngoma ikatoka, na ndani kilichokuwamo hata mimi sikukitegemea. Kulikuwa kumelowa. Mafuta ya breki yalikuwa yanavuja kwenye silinda ndogo ya gurudumu, viatu vyote viwili vinameremeta.

Walburga akapitisha kidole, akakiinua juu ili waone. "Hii siyo ya kwenye ndoo ya Padre, jamani."

Wachache wakacheka, wakaacha. Sebastian akaninyoshea kidole. "Umefungua gari langu bila ruhusa. Nitakupeleka polisi."

"Nipeleke. Nitawaonyesha na wao."

Careen akasogea, ameshika gauni lisiburute. Mashangazi wakamkemea asikaribie uchafu. Akachutama karibu yangu hivyo hivyo.

"Baba, unaniambia nisipande?"

"Mimi nakuonyesha tu, mwanangu. Gusa."

Akagusa kwa glavu nyeupe. Vidole viwili vikawa vyeusi. Akaviangalia, akasimama, akamwonyesha mumewe. Thadei aliangalia ile glavu, akamwangalia baba yake, na nikaona jinsi lilivyo zito kwa mtoto wa kiume kusema siku ile mbele ya ukoo.

"Baba," akasema, "sisi tutapanda Kosta."

"Na babu yako? Anakusubiri na gari lake!"

"Babu nitamsalimia kwa miguu yangu, Baba."

"Mzee Antoni amekufa, Mungu amrehemu," nikadakia mimi, na najua ilikuwa zamu yangu kunyamaza. "Careen yu hai. Ulitaka kumpelekea baba yako maiti wawili kwa ajili ya kromu?"

Watu wakaguna. Padre Xaveri akaniwekea mkono begani, akanibonyeza kidogo, maana yake inatosha. Akachovya, akawanyunyizia maharusi, akainyunyizia Kosta baada ya kumwuliza dereva wake maswali mengi kuliko kawaida. Gari la Kimarekani akalipita. Wakaondoka wakiimba, Careen mbele karibu na dereva, shela lake likipepea dirishani.

Tukabaki wawili uwanjani. Sebastian alikataa kuliacha gari, mimi nikakataa kutoa nati.

"Nipe nati zangu," akasema.

"Hapana."

"Nati zinauzwa dukani, Augustino."

"Nunua. Ngoma italowa vilevile."

Akakaa kwenye ngazi za kanisa, akailegeza tai. Hakuniangalia tena. Shemeji yake alipokuja kumchukua, alisimama, akainama, akaibeba ile rimu niliyoifungua, tairi na vyote, akaitia kwenye buti ya gari la shemeji, Noah. Suti yake ya krimu ilichafuka kifuani. Naambiwa aliiegemeza kwenye msalaba wa kaburi, na baba zake wadogo waliililia. Nami nililia niliposikia, sikatai.

Lakini hajaniomba radhi kwa kulitaja jina langu mbele ya Padre kwa kazi ya uongo. Badala yake amewaambia watu kwamba nilimchukia tangu zamani. Sherehe ilichelewa saa mbili, samaki wa mbasa wakapoa kwenye sinia, na kosa lote limekuwa langu.

Wiki iliyopita nilikwenda kuungama. Nilimwambia Padre kwamba nina hasira na jirani, na kwamba kila nikisali Baba Yetu nafika pale pa kuwasamehe waliotukosea, ulimi unakwama.

"Unajuta?" akaniuliza.

"Najuta kupaza sauti mbele ya kanisa, Padre. Najuta na neno lile la maiti. Kufungua gurudumu sijuti."

"Sijakuuliza gurudumu. Nimekuuliza Sebastian."

Nyuma yangu watu walikuwa wakikohoa kwenye mstari.

"Bado, Padre."

Akaniambia niende, nirudi nikiwa tayari. Leo ni siku ya tisa, sijarudi.